Je, Mtu ni Molekuli Tu?

Sisi tunaosoma sayansi tuna neno moja dogo tunalolipenda kupita kiasi: neno "tu". Maji ni hidrojeni na oksijeni tu. Mapenzi ni homoni tu. Mtu ni rundo la molekuli tu. Maneno haya husemwa jioni bwenini, na anayeyasema huwa na uso wa mtu aliyekwisha kufunga mjadala. Mwenzake anayesoma fasihi au sheria akitaja utu, haki au hatia, hujibiwa kwamba hayo ni mapambo ya juu. Ukichimba hadi chini utakuta atomu, na atomu hazina haki wala hatia.

Nasoma kemia, kwa hiyo sina ugomvi na atomu. Ninachouliza ni kama kemia yenyewe inatupa ruhusa ya kulitumia neno hilo. Nadhani haitupi. Tena swali hili si mchezo wa maneno, kwa sababu kuna mahali ambapo "tu" hugeuka kuwa utetezi wa mtu aliyesababisha vifo vya wenzake. Nitafika huko kwa njia ya waragi, lakini kwanza lazima tuelewane kuhusu molekuli ni nini.

Tuanze na molekuli iliyo ndogo kuliko zote, ile ya hidrojeni. Atomu ya hidrojeni ina protoni moja katika kiini chake na elektroni moja. Atomu mbili zikiwa mbalimbali, kila moja ina elektroni yake na hazina habari ya kuambiana. Zikisogeleana, elektroni ya kila moja huanza kuvutwa na viini vyote viwili. Wakati huohuo viini vyenyewe, kwa kuwa vyote vina chaji chanya, husukumana. Kuna umbali mmoja ambapo mvuto na msukumo hulingana. Kwa hidrojeni ni pikomita 74, yaani sehemu 74 za mita iliyokatwa mara trilioni moja. Hapo atomu hutulia. Elektroni mbili sasa ni za wote wawili, na ukiuliza hii ni ya nani na ile ni ya nani, fizikia haikupi jibu, kwa maana elektroni hazina alama ya kuzitofautisha. Atomu mbili zilizokuwa na mali binafsi zimekuwa kitu kimoja chenye mali ya pamoja.

Wengi wetu tulitoka shuleni tukiamini kwamba nishati imefungwa ndani ya muungano wa atomu kama upepo ndani ya mpira, na kwamba ukiukata, nishati inatoka. Mambo ni kinyume. Atomu zinapoungana ndipo hutoa nishati; kuzitenganisha ndiko kunakogharimu. Ukitaka kuzitenganisha atomu zote zilizomo katika gramu mbili za gesi ya hidrojeni utalipa kilojuli 436. Kwa hiyo molekuli inashikamana kwa sababu atomu zake, zikiwa pamoja, zina nishati ndogo kuliko zikiwa peke yake. Hakuna gundi iliyoongezwa. Hakuna kitu cha tatu kilichoingia katikati. Hili ni muhimu kwa hoja yangu na ninalikubali mapema: katika kuunda molekuli, hakuna kinachoongezwa kutoka nje.

Mwenye "tu" atasema, basi umeshindwa. Kama hakuna kilichoongezwa, molekuli ni atomu zake tu.

Hapa ndipo ninapoomba asubiri. "Hakuna kilichoongezwa" ni sentensi moja, na "hakuna kilicho kipya" ni sentensi nyingine. Watu huteleza kutoka ya kwanza kwenda ya pili bila kuona kwamba wamevuka mto.

Chukua maji. Atomu mbili za hidrojeni zimeungana na moja ya oksijeni, nazo hazikupangwa kwenye mstari ulionyooka. Zinafanya pembe ya nyuzi 104.5. Uliza: pembe hiyo ilikuwa wapi kabla atomu hazijaungana? Haikuwa ndani ya hidrojeni, haikuwa ndani ya oksijeni, kwa sababu kitu kimoja peke yake hakina pembe na mwenzake. Lakini pembe hiyo ndiyo inayofanya upande mmoja wa molekuli uwe na chaji hasi kidogo na upande mwingine chanya kidogo, nayo ndiyo inayofanya molekuli za maji zishikane zenyewe kwa zenyewe. Kwa sababu hiyo maji huchemka kwenye nyuzi 100. Salfaidi ya hidrojeni, ambayo imeundwa kwa mtindo uleule ila ina salfa mahali pa oksijeni, na ambayo molekuli yake ni nzito karibu mara mbili, huchemka kwenye nyuzi 60 chini ya sifuri. Kama maji yangefuata uzito wake tu, Ziwa Nalubaale, ambalo wengine huliita Viktoria, lingekuwa mawingu, na sisi tusingekuwapo kubishana.

Tena kuna jambo la ajabu zaidi. Molekuli moja ya maji hailowanishi. Haina joto la kuchemka. Haitiririki. Gramu 18 za maji, kiasi cha funda moja, zina molekuli zipatazo 602,000,000,000,000,000,000,000, na katika umati huo wote huwezi kumchagua mmoja ukasema huyu ndiye mwenye umajimaji. Umajimaji uko kwa wote wakiwa pamoja na hauko kwa yeyote akiwa peke yake. Mtu akikuambia kwamba ziwa halina maji kwa kuwa hakuna molekuli iliyo majimaji, utamcheka. Naomba tukumbuke kicheko hicho, maana tutakihitaji baadaye.

(Niseme kwa kupita kwamba si kila kilichoundwa na atomu kina molekuli. Chumvi ya mezani haina. Sodiamu humpa klorini elektroni moja, kisha ayoni zao hupangana safu kwa safu pande zote, na hakuna sodiamu inayoweza kusema klorini huyu ni wangu. Sodiamu peke yake hulipuka ukiitia majini. Klorini peke yake ndiyo gesi iliyotumiwa kuua askari huko Ypres, Ubelgiji, tarehe 22 Aprili 1915. Vikiungana tunavinyunyiza kwenye matoke.)

Mwenye "tu" aliye mwerevu hujirekebisha. Husema: sawa, nilikosea kusema atomu peke yake, nilimaanisha atomu za aina fulani, kwa idadi fulani. Nipe orodha ya atomu nami nitakuambia kitu ni nini.

Jibu la hoja hii lilitolewa na kemia yenyewe karibu miaka mia mbili iliyopita. Mwaka 1828 mkemia Mjerumani Friedrich Wöhler alikuwa akijaribu kutengeneza chumvi iitwayo sianeti ya amonia. Alipopasha moto na kukausha mchanganyiko wake alipata fuwele nyeupe ambazo hazikuwa na tabia ya chumvi hiyo. Zilikuwa urea, dutu inayopatikana katika mkojo. Wengi wetu tunaijua urea kwa jina hilohilo, kutokana na magunia ya mbolea. Sianeti ya amonia na urea zina atomu zilezile kabisa: kaboni moja, oksijeni moja, naitrojeni mbili, hidrojeni nne. Orodha ni moja. Vitu ni viwili. Berzelius, aliyekuwa mwalimu wa Wöhler, ndiye aliyevipa vitu vya namna hiyo jina la isoma.

Mfano ulio karibu zaidi na waragi yetu ni huu. Chukua kaboni mbili, hidrojeni sita na oksijeni moja. Ukiiweka oksijeni pembeni, kati ya kaboni na hidrojeni, una ethanoli, pombe ya kunywa, kioevu kinachochemka kwenye nyuzi 78. Ukiiweka oksijeni katikati ya kaboni mbili, una etha ya dimethili, gesi inayochemka kwenye nyuzi 24 chini ya sifuri na ambayo huwekwa katika makopo ya kupulizia. Atomu tisa, zilezile, hakuna iliyopungua wala kuzidi. Aliyekuwa na orodha tu asingejua kama ameshika glasi ya kinywaji au kopo la gesi.

Waswahili hawakuhitaji maabara kulijua hili. "Lima" na "mali" zina silabi zilezile. Ukimpa mtu silabi li na silabi ma, humpi jembe wala humpi utajiri. Inategemea ipi inatangulia. Aristotle naye aliona jambo hilo katika kitabu chake cha Metafizikia: silabi si herufi zake tu, kwa sababu ukiitawanya, herufi zinabaki na silabi haipo tena. Kwa hiyo lazima silabi iwe na kitu kingine zaidi ya herufi, na kitu hicho hakiwezi kuwa herufi nyingine, vinginevyo swali lingerudi palepale. Kitu hicho ni mpangilio. Mpangilio hauna uzito, hauwezi kuuchota kwa kijiko, lakini ndio unaoamua kitu ni nini.

Jaribio la Wöhler hukumbukwa zaidi kwa sababu nyingine, nayo sitaki kuiruka, kwa kuwa inawahusu wale wanaonipigia makofi hadi hapa. Zamani hizo wataalamu wengi waliamini kwamba dutu za viumbe hai haziwezi kutengenezwa bila nguvu maalumu ya uhai iliyomo mwilini. Wöhler alipata urea bila mkojo, bila figo, bila mnyama. Imani ile haikufa siku moja, lakini ilianza kudhoofika, na leo tunajua kwamba urea ya kiwandani na urea ya ng'ombe hazina tofauti yoyote. Molekuli haikumbuki ilikotoka. Kwa hiyo mtu anayeniuzia dawa ya mitishamba akiisifu kwamba "haina kemikali" ananiambia kitu kisichowezekana. Majani yenyewe ni kemikali, na ndiyo sababu yanaponya, au yanadhuru. Anayesema "ni kemikali tu" na anayesema "haina kemikali" ni mapacha. Wote wawili wanaamini kwamba neno kemikali linatosha kutuambia thamani ya kitu.

Sasa nije kwa mtu.

Mwili wangu, kwa uzito, ni maji kwa kadiri ya asilimia 60. Ukihesabu kwa elementi, oksijeni, kaboni, hidrojeni na naitrojeni peke yake zinachukua karibu asilimia 96. Mwenye "tu" anaipenda sana hesabu hii, na hata hufurahi kukutajia jinsi vitu hivyo vilivyo rahisi kununua. Hebu tuichukulie hesabu yake kwa dhati. Mtu akifa saa kumi jioni, mwili wake saa kumi na dakika tano una atomu ngapi? Zilezile. Kaboni ni ileile, maji ni yaleyale. Ukiupima kwa mizani ya hospitali hautaona tofauti. Kuua hakupunguzi hata atomu moja duniani. Basi ikiwa mtu ni atomu zake tu, muuaji hakuharibu kitu. Waombolezaji waliokusanyika nje wanalilia nini, ikiwa kila kilichokuwamo bado kimelala pale kitandani?

Upande wa pili ni huu. Maji yaliyomo mwilini mwangu leo, karibu yote yatakuwa yamebadilishwa na mengine baada ya miezi michache. Nakunywa, natoka jasho, napumua nje dioksidi ya kaboni iliyokuwa sehemu ya ugali wangu wa jana. Hata hivyo deni nililokopa mwaka jana bado ni langu, na mama yangu ananitambua. Kwa hiyo tuna mambo mawili yanayokutana: atomu zilezile lakini mtu hayupo, na atomu nyingine lakini mtu ni yuleyule. Aliyesema mtu ni atomu zake tu ameshindwa mara mbili, kwa maiti na kwa aliye hai.

Rafiki zangu wa dini watasema wamejua siku zote: kilichoondoka ni roho. Sina hoja ya kuwapinga na sijaribu. Nasema tu kwamba hoja yangu haiwahitaji, nao wasiitegemee sana, kwa sababu wale walioweka nguvu ya uhai ndani ya urea waliiweka mahali ambapo baadaye ilibidi waiondoe. Ninachodai ni kidogo zaidi. Hata kwa mtu asiyeamini chochote ila atomu, kuna mpangilio na kuna mwendo wa mambo ndani ya mpangilio huo, navyo ni vya kweli kama atomu zilivyo za kweli, na ndivyo vinavyovunjwa mtu anapouawa.

Kuna pingamizi moja lenye nguvu ambalo sharti nilitaje. Mtu anaweza kusema: mpangilio wenyewe umetokana na sheria za fizikia. Atomu katika ubongo zinakwenda zinakolazimika kwenda. Hakuna atomu inayochagua. Basi mtu hachagui. Basi hakuna wa kulaumiwa. Hoja hii husikika vizuri sana usiku. Lakini itazame sura yake: hakuna sehemu yenye sifa fulani, kwa hiyo kizima hakina sifa hiyo. Ni sura ileile ya yule aliyesema ziwa si majimaji kwa kuwa hakuna molekuli iliyo majimaji, na tulimcheka. Sijathibitisha kwa njia hii kwamba mtu ana uhuru. Pengine hana, wanafalsafa wakubwa wamebishana na hawajamaliza. Ninasema kwamba jambo hilo halitaamuliwa kwa kutazama ndani ya atomu na kutoukuta uhuru humo, kama vile umajimaji hauamuliwi kwa kutazama ndani ya molekuli moja.

Na sasa waragi. Mwaka 2010, katika wilaya ya Kabale kusini magharibi mwa Uganda, watu wengi walifariki baada ya kunywa waragi ya ndizi iliyotiwa methanoli. Wengine walipoteza uwezo wa kuona kabla ya kufa. Methanoli ni ndugu mdogo wa ethanoli: ina kaboni moja badala ya mbili. Ni kioevu kisicho na rangi, hunuka kama pombe, huwaka kama pombe, hulevya kama pombe. Viwandani ina kazi nyingi za halali, kuanzia kuyeyushia rangi hadi kutengenezea gundi ya mbao. Hata waragi iliyopikwa kwa uaminifu huwa nayo kidogo, kwa sababu matunda yanapochachuka huitoa. Ubaya unaanza inapoongezwa kwa jerikani ili kinywaji kiwe kikali na faida iwe kubwa.

Mkemia anayeulizwa kilichowaua watu wale ana jibu la kushangaza. Methanoli yenyewe, kama ilivyo, si sumu kali kiasi hicho. Ini lina kimeng'enya ambacho kazi yake ni kuvunja pombe. Kikikutana na ethanoli, huigeuza hatua kwa hatua hadi kuwa kitu ambacho mwili unaweza kukitumia kama chakula. Kikikutana na methanoli, hufanya kazi ileile kwa uaminifu uleule, lakini kinachotoka ni fomaldehaidi, kisha asidi ya fomiki, na asidi hiyo ndiyo inayoharibu neva ya jicho na kuua. Sumu ilitengenezwa ndani ya mwili wa mnywaji, na kimeng'enya chake mwenyewe. Tena dawa mojawapo ni ethanoli: mgonjwa hupewa pombe ya kawaida kwa kipimo cha daktari, kimeng'enya kikaishughulikia hiyo kwanza kwa kuwa kinaipenda zaidi, na methanoli ikapata nafasi ya kutoka mwilini bila kugeuzwa.

Mpe mwenye "tu" habari hizi akiwa wakili wa muuzaji, usikie atakavyosema. Mteja wangu aliuza kioevu tu. Kioevu chenyewe hakikuua. Aliyetengeneza sumu ni ini la marehemu. Kila neno katika utetezi huu ni sahihi kwa kemia, na utetezi mzima ni uchafu. Kwa nini? Kwa sababu umefuata mnyororo wa molekuli hadi pete ya mwisho, kisha ukaiweka hatia hapo, kana kwamba hatia ni dutu inayosafiri pamoja na kaboni. Ini halikujua. Kimeng'enya hakikuwa na njia nyingine. Katika mnyororo ule kuna pete moja tu ambapo kulikuwa na kujua na kulikuwa na njia ya pili, nayo ni pete ya mtu. Kujua si molekuli, lakini hata umbo la maji si molekuli, na umbo hilo ndilo linalozuia ziwa lisigeuke mvuke.

Wale wa "haina kemikali" nao hawatusaidii hapa. Wao watasema methanoli ni mbaya, ipigwe marufuku, basi. Lakini methanoli iliyo katika pipa la kiwanda cha mbao haijamkosea mtu. Gesi ya methani iliyoyeyuka katika Ziwa Kivu, kilomita za ujazo zipatazo 60, ni hatari kwa watu wa Goma na Gisenyi siku ambayo ziwa litatibuka. Methani hiyohiyo, ikivutwa taratibu hadi juu na kuchomwa, inawasha taa Rwanda tangu mwaka 2016 katika mtambo wa KivuWatt wenye megawati kama 26. Dioksidi ya kaboni inayokusanyika mabondeni karibu na Goma, ambayo wenyeji huiita mazuku, huua mbuzi na watoto. Iyo hiyo mmea wa maharage unaila. Ukitaka kujua ubaya uko wapi, orodha ya dutu haitakuonyesha. Lazima uulize iko wapi, kiasi gani, imekutana na nani, na nani aliipeleka hapo.

Swali linalonisumbua bado ni la kugawanya lawama. Tuwafikirie watu watatu. Wa kwanza anachukua methanoli ya kiwandani na kuichanganya na waragi, akijua. Wa tatu ni mama anayeuza kwa glasi kandokando ya barabara. Naye hunywa kutoka katika jerikani ileile anayowauzia wateja, na pengine alikufa pamoja nao. Kati yao yuko wa pili, aliyenunua kwa wa kwanza kwa jumla na kumletea mama. Wa kwanza hana la kujitetea. Mama sioni jinsi ya kumlaumu: ulimi hauwezi kutofautisha kaboni moja na kaboni mbili, pua haiwezi, jicho haliwezi, na yeye hana maabara.

Wa pili naye hana maabara. Atasema hivyo, na atakuwa anasema kweli. Lakini alikuwa na kipimo kimoja ambacho mama hakuwa nacho: bei. Aliona jerikani ikiuzwa kwa bei ambayo hakuna ndizi, kuni na siku za kazi zinazoweza kuifikia, akanyamaza, kwa sababu kuuliza kungemletea jibu. Mwenzangu mmoja anayesoma sheria ananiambia kwamba huenda mahakama ikamhesabu mtu huyo karibu zaidi na mama kuliko na mchanganyaji, kwa kuwa kutojua kwake kunaweza kuonekana ni kutojua kwa kweli. Mimi ningemweka upande wa mchanganyaji, hatua moja nyuma yake.